Mtindo wa kinanda si biti

Nimeisikia tena kwenye mazoezi ya kwaya: "Nimetengeneza staili yangu." Kumbe ndugu yetu kaongeza spidi na kubadilisha ngoma.

Staili, yaani mtindo, kwenye vinanda kama Yamaha PSR au programu kama Band-in-a-Box, ni usindikizaji wa ala zote ulioandaliwa mapema, ukiwa na sehemu za kuanzia, za katikati, za kujazia na za kumalizia, nao hufuata kodi unazopiga, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja.

Hufuata. Hapo ndipo penye neno. Usindikizaji umetoka kwenye kusindikiza, na anayesindikizwa ndiye ajuaye aendako. Akikata kona, msindikizaji naye anakata. Biti iliyorekodiwa, yaani muziki uliokwisha kuwa sauti, haina adabu hiyo. Wewe umehama kutoka kodi ya C kwenda ya F, besi yake bado iko C. Faili la mtindo wa kinanda kwa kawaida halina sauti ndani yake, lina maagizo ya MIDI tu, yaani noti ipi ipigwe, lini na kwa ala gani, ndiyo maana linaweza kugeuka pamoja nawe.

Wengine huuita mdundo. Mdundo umetokana na kudunda, kwa hiyo ni kazi ya ngoma. Wanamuziki wa dansi wa Dar es Salaam walilijua neno mtindo vizuri sana, kila bendi na mtindo wake: Western Jazz na Saboso, Maquis na Kamanyola, Mlimani Park na Sikinde, jina lililotoka kwenye ngoma ya Wazaramo. Hata hiyo Sikinde, yenye jina la ngoma, haikuwa ngoma peke yake. Ilikuwa namna magitaa yanavyojibizana, besi inavyotembea katikati yao, na tarumbeta zinavyosubiri zamu. Bendi nzima, basi.

Sasa kuurekebisha mtindo maana yake ni kuandika upya mwenendo huo. Kwenye Yamaha, kodi ya msingi ya kurekodia huwa CM7 (C meja yenye noti ya saba) usipoibadilisha. Ukirekodi besi yako ukiwa umeizoea kwenye Am (A maina), noti A itahesabiwa kuwa ya sita kutoka C, na siku ya ibada ukibonyeza Am unaweza kupata F#, ya sita kutoka A, badala ya A yenyewe. Watu wanalaumu kinanda, nacho kimetii tu. Kila ala pia hupewa kanuni yake ya kuhama: besi huhama na shina la kodi, ile noti inayoipa kodi jina, ilhali gitaa la ridhimu hufaa libaki karibu na noti lilizotoka kupiga, kama vidole vya mpiga gitaa ambaye haruki shingo nzima kila kodi inapobadilika. Ngoma hazihamishwi kabisa. Kwa hiyo aliyegusa ngoma peke yake hajakutana na kazi yenyewe.

Ndugu yangu, ile spidi imeufaa wimbo, na ngoma ulizochagua nimezipenda. Useme umebadilisha mdundo. Jumamosi njoo mapema, tuandike besi.