Kdump kuwaka si sawa na kupata vmcore

Seva ya Linux inapoanguka kwa paniki, yaani keneli (kiini cha mfumo) inapokutana na hitilafu isiyoweza kuivuka na kusimama, swali langu la kwanza kwa mteja huwa moja: vmcore, ile faili yenye nakala ya kumbukumbu ya mashine wakati wa ajali, iko wapi? Jibu ninalolipata, mara nyingi mno, ni kwamba haipo, "lakini kdump ilikuwa imewashwa." Kdump ndiyo huduma inayotakiwa kuihifadhi faili hiyo. Nimechoka na jibu hilo. Bila ile faili tunabaki kukisia, na seva inaanguka tena kwa ugonjwa uleule.

"Huduma inaonyesha active, kwa hiyo nakala ya kumbukumbu itapatikana"

Neno hilo linakuambia jambo moja tu: keneli ya pili imepakiwa kwenye sehemu ya RAM iliyotengwa. Ukisoma `/sys/kernel/kexec_crash_loaded` ukakuta 1, umeambiwa lilelile. Kama keneli hiyo itaweza kuamka, kuiona diski na kuandika faili mpaka mwisho, hakuna aliyekuhakikishia.

Keneli ikishaanguka haiaminiki tena. Data zake za ndani huenda zimevurugika, na kufuli zake huenda zimeshikwa na prosesa ambayo haitaziachia kamwe. Ukiipa kazi ya kuandika kwenye diski, inaweza kuharibu hata data iliyo salama. Ndiyo maana tangu Linux 2.6.13 ya mwaka 2005 kazi hiyo hufanywa na keneli nyingine. Inaanzishwa kwa kexec (njia ya keneli moja kuanzisha nyingine) bila kupitia BIOS, na inaishi ndani ya eneo lililotengwa kwa kigezo cha kuwakia `crashkernel=` tangu mashine ilipowaka. Kumbukumbu ya keneli iliyokufa hubaki ilivyo, na husomwa kupitia `/proc/vmcore`.

Keneli hiyo ya pili, mara nyingi, ina megabaiti mia chache tu na initramfs yake yenyewe (mfumo mdogo wa faili wa kuwakia, wenye draiva zake). Ukiongeza kadi mpya za diski au mtandao, draiva zake zinaweza kula kumbukumbu yote iliyotengwa, ikafa kabla ya kuandika baiti moja. Ukihamishia `/var/crash` kwenye diski nyingine bila kujenga upya ile initramfs, itaamka na kutafuta diski isiyoijua. Kama nakala hutumwa kwa ssh kwenye seva nyingine, ufunguo ukibadilishwa huko mlango umefungwa. Na kwenye klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja), nodi jirani ikiona mwenzake kanyamaza humzima papo hapo, uandishi ukiwa katikati. Unachokikuta baadaye ni faili inayoitwa `vmcore-incomplete`. Katika hali zote hizi, mpaka dakika ya mwisho kabla ya ajali, huduma inaweza kuwa bado inaonyesha active.

Njia ya kujua ni moja: iangushe seva mwenyewe. Chagua muda wa matengenezo, wajulishe watumiaji, fungua konsoli, kisha ukiwa root andika:

`echo c > /proc/sysrq-trigger`

Usifanye hivi kupitia ssh peke yake, maana ssh itakatika na hutaona chochote. Kwenye konsoli utaona ujumbe wa paniki, halafu keneli ya pili ikianza kuwaka, halafu makedumpfile, programu inayoandika vmcore, ikihesabu asilimia. Ikikwama, utaona imekwama wapi, na hapo ndipo pa kurekebisha. Mashine ikirudi, usitosheke kuona kwamba kuna saraka mpya ndani ya `/var/crash`. Ifungue vmcore kwa programu ya crash, andika `bt`, uone kama inakupa mlolongo wa miito unaoeleweka. Rudia jaribio kila unapobadilisha vifaa, keneli au mahali pa kuhifadhi. Wanaoniambia hawana nafasi ya kuizima seva kwa jaribio, mimi huwauliza: na ikijizima yenyewe saa za kazi?

"Logi zitatuambia kilichotokea"

Mara chache, na kwa bahati. Logi huandikwa na mfumo ulio hai. Mistari ya mwisho kabla ya paniki, ile hasa unayoihitaji, mara nyingi haikuwahi kufika kwenye diski. Nenda kaitafute kwenye `vmcore-dmesg.txt`, ambayo kdump huitoa moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya keneli iliyokufa.

"Seva ina RAM ya gigabaiti 512, kwa hiyo inahitaji diski ya gigabaiti 512"

Hapana. Makedumpfile ikipewa `-d 31` huacha kurasa zenye sifuri tupu, kache, kurasa za programu za watumiaji na zilizo huru, kisha hubana zilizobaki. Mara nyingi unabaki na gigabaiti chache.

"Mashine iliganda, mbona kdump haikufanya kitu?"

Kwa sababu kuganda si paniki. Kdump husubiri keneli itangaze kwamba imeanguka, na iliyoganda haitangazi chochote mpaka uiagize. Weka `kernel.softlockup_panic=1`, na ukihitaji `kernel.hung_task_panic=1` pia, ila hii ya pili uipime kwanza: diski ya mtandao ikichelewa tu, inaweza kukuangushia seva nzima. Kwa mgando mkali zaidi, washa `kernel.unknown_nmi_panic` na utume NMI (ishara ya kukatiza ambayo prosesa haiwezi kuipuuza) kupitia kidhibiti cha seva, kwa mfano kwa `ipmitool chassis power diag`. Tafadhali usishikilie kitufe cha umeme. Ukishakishikilia, ushahidi wote umekwenda.

"Tumeshasasisha keneli, ile vmcore ya zamani utaichambua tu"

Nitaichambua ukinipa vmlinux (faili ya keneli yenyewe) yenye alama za utatuzi ya toleo lilelile lililoanguka, hadi tarakimu ya mwisho. Toleo la jirani halifai.

"Ni data ya keneli tu, haina siri"

Ina siri. Hata baada ya `-d 31`, kumbukumbu ya keneli inaweza kubeba funguo za diski zilizosimbwa na vipande vya mawasiliano ya mtandao vilivyokuwa njiani. Usiipandishe mahali ambapo kila mtu anaweza kuipakua, na usiiambatishe kwenye barua pepe. Itume kwa njia iliyosimbwa kwa mtu unayemjua kwa jina, na uchambuzi ukiisha, ifutwe pande zote mbili.