Mwenye barafu ndiye aliyechukua kombe: miaka 80 ya hoki ya shule Minnesota

Barafu nzuri hutengenezwa kwa maji ya moto. Nikiwaambia hivyo watu wa nyumbani wanaona natania, lakini ndiyo kazi inayonilipia pango: naendesha zamboni, lile gari linalozunguka juu ya uwanja wa hoki kati ya kipindi na kipindi. Kisu cha chini kinakwangua tabaka jembamba lililochanwachanwa na viatu, na nyuma yake taulo pana linatandaza maji ya nyuzi 60 hivi. Maji ya moto yana hewa chache ndani yake, na yanayeyusha kidogo uso wa barafu iliyopo, kwa hiyo yakiganda yanashikana nayo yakawa kitu kimoja. Mwaga maji ya baridi, utapata gamba la kubanduka kama chokaa kwenye ukuta wenye unyevu.

Kila mwezi Machi hapa St. Paul, Marekani, wenzangu wa uwanja mkubwa wa mjini hawalali. Yanakuja mashindano ya hoki ya barafuni ya shule za sekondari za jimbo zima la Minnesota. Huku ukisema tu "mashindano" hakuna atakayekuuliza yapi. Kwa siku nne wanaingia watazamaji zaidi ya laki moja, kuangalia watoto wa miaka 16, 17, 18. Mimi nimecheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania. Waliokuja kutuangalia ni wenzetu waliokwepa kufagia bweni. Mara ya kwanza nilipoona uwanja wa watu elfu kumi na nane umejaa kwa ajili ya mechi ya wanafunzi, nilimuuliza jirani yangu kama kuna mwanasiasa anakuja.

Nimesoma historia ya mashindano haya kwa muda mrefu sasa, na wanaoielezea wengi huanza na wachezaji. Mimi naanza na barafu. Ukifuata nani alikuwa na barafu, lini, na kwa miezi mingapi, kombe linajieleza lenyewe.

Yalianza Februari 1945, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa havijaisha. Anayehesabiwa kuwa mwanzilishi ni Gene Aldrich, mtu wa michezo ya shule za St. Paul, aliyeona ajabu kwamba mpira wa kikapu una mashindano ya jimbo na hoki haina. Yalichezewa St. Paul Auditorium, ukumbi uliokuwa na barafu ya mashine. Hilo si jambo dogo. Ukitegemea barafu ya Mungu huwezi kuuza tiketi wiki tatu kabla. Jua likichomoza vibaya, fainali yako inageuka bwawa.

Bingwa wa kwanza akawa Eveleth, na namna walivyoshinda inatia huruma kwa waliofungwa. Waliipiga White Bear Lake 16-0. Wakaipiga St. Paul Washington 10-0. Fainali ndiyo ilikuwa mechi: 4-3 dhidi ya Thief River Falls.

Eveleth ni mji mdogo wa Iron Range, ukanda wa migodi ya chuma kaskazini mwa jimbo. Wafini, Waslovenia, Wakroatia na Waitalia walihamia huko kuchimba chuma, na kodi ya migodi ikajenga shule ambazo miji mikubwa ilizionea wivu. Mwaka 1922 mji ukajenga Hippodrome, ukumbi wa hoki wenye paa. Fikiria maana yake. Mtoto wa St. Paul anasubiri ziwa ligande, anafagia theluji nusu saa kabla ya kucheza, na upepo unamtoa machozi. Wa Eveleth anatoka darasani, anaingia chini ya paa, anacheza. Tena majira ya baridi ya kule yanawahi kuingia na yanachelewa kutoka. Kufika miaka 17, huyu wa kaskazini ameshateleza saa nyingi kuliko mwenzake wa kusini atakazoteleza maisha yake yote.

Chini ya kocha Cliff Thompson, Eveleth ilichukua kombe mara nne mfululizo, 1948 hadi 1951, ikashinda mechi 69 bila kupoteza hata moja. Mfungaji wao alikuwa John Mayasich. Mwaka 1951 alifunga mabao 7 katika mechi moja na 15 katika mashindano hayo, na rekodi hizo bado zipo. Mashindano ni mechi tatu. Mabao 15 kwa mechi tatu! Ninapowasikia vijana wakimjadili mchezaji fulani wa leo kama ndiye mkubwa wa nyakati zote, huwa nainama kufunga kamba za viatu. Golini kwao alisimama kwa muda Willard Ikola. Jina hilo lishike, litarudi. Wote wawili walipata medali ya fedha ya Olimpiki kule Cortina mwaka 1956, na Mayasich akaongeza dhahabu mwaka 1960.

Hesabu inayonifurahisha kuliko zote ni hii. Katika mashindano 24 ya mwanzo, 1945 hadi 1968, shule za kaskazini zilichukua kombe mara 20. Eveleth, Roseau, Hibbing, Thief River Falls, Duluth East, Greenway ya Coleraine, na International Falls, mji ulio mpakani mwa Kanada ambako kocha Larry Ross alichukua matatu mfululizo, 1964 hadi 1966. Mara nne zilizobaki ni shule moja tu, Johnson, ya mtaa wa wafanyakazi upande wa mashariki wa St. Paul. Minneapolis, mji mkubwa kuliko yote, ilitoka mikono mitupu miaka 24.

Minneapolis ilikaribia kwa namna moja ya kukumbukwa. Mwaka 1955, Minneapolis South na Thief River Falls walicheza mpaka muda wa ziada wa kumi na moja, ndipo South wakashinda 3-2. Kumi na moja. Sisi wa barafu tunaisoma hadithi hiyo kwa jicho jingine: baada ya kila kipindi kuna matuta, kuna theluji iliyokwanguliwa imejazana pembeni, na paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, kinaanza kurukaruka badala ya kuteleza. Mwaka huohuo kombe lilikwenda Johnson, na miongoni mwa vijana wake alikuwamo mmoja aitwaye Herb Brooks. Mwaka 1980 ndiye aliyekuwa kocha wa Marekani ilipoifunga Umoja wa Kisovieti kwenye Olimpiki ya Lake Placid. Kati ya wachezaji wake 20, 12 walikuwa wa Minnesota. Wengi walishangaa mahali pengine. Hapa walisema, kwa hiyo?

Mambo yalibadilika mwaka 1969, na mashine ndiyo iliyobadilisha. Vitongoji vya Minneapolis vilikuwa vimekua haraka baada ya vita: nyumba mpya, wazazi wenye kipato, na halmashauri zilizokuwa tayari kujenga viwanja vya ndani. Edina ilifungua kiwanja chake cha Braemar mwaka 1965. Aliyekuwa akiwafundisha watoto wa Edina ni yule Ikola, mtoto wa Eveleth aliyehamia kusini na ujuzi wake. Barafu ikawapo, mwalimu akawapo. Miaka minne baadaye Edina walikuwa fainalini.

Mwaka huo mashindano yalihama kwenda Met Center kule Bloomington, na watu wapatao elfu kumi na tano walishuhudia Edina ikicheza na Warroad. Warroad ni mji wa watu wasiofika elfu mbili, kando ya Lake of the Woods, una kiwanda cha madirisha na kwa miaka mingi ulikuwa na kiwanda cha magongo ya hoki. Nyota wao alikuwa Henry Boucha, kijana wa kabila la Ojibwe. Uwanja mzima, hata ambao hawajawahi kufika Warroad, ulikuwa upande wake. Kipindi cha pili aligongwa ukutani, sikio likaumia, akapelekwa hospitali. Wenzake walisawazisha bila yeye: 4-4. Muda wa ziada Edina wakafunga la tano.

Kwa miaka mingi watu wa kaskazini wakiitaja mechi ile sauti inashuka. Boucha alikwenda kupata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1972 na kucheza ligi ya kulipwa ya NHL. Amefariki mwaka 2023, na taarifa za kifo chake hapa zilimtaja kwanza kama kijana wa mwaka 1969. Ikola yeye aliendelea mpaka akafikisha makombe manane na Edina, la mwisho mwaka 1988. Chuki dhidi ya Edina imekuwa mchezo wa pili wa jimbo hili. Wanaitwa wala keki, yaani watoto wa matajiri, na hawajali.

Katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalirudi St. Paul, kwenye Civic Center, uwanja uliokuwa na kuta za plastiki angavu kuzunguka barafu, unaona hadi viatu vya wachezaji. Nawahurumia waliokuwa wakizisafisha. Lakini vuta nikuvute kubwa ya miaka hiyo ilikuwa nyingine: je, ni haki shule ya wanafunzi mia tatu kushindana na ya elfu mbili? Roseau, yenye watu kama elfu mbili na nusu mji mzima, walijibu kwa vitendo mwaka 1990 kwa kuifunga Grand Rapids 3-1 na kuchukua kombe. Wengine waliona hiyo ni bahati isiyozaa sera. Mwaka 1991 Hill-Murray, shule ya Kikatoliki, ikawa bingwa wa mwisho wa kombe moja.

Mwaka 1992 kombe liligawanywa. Kwanza kwa ubora: timu zenye nguvu ngazi ya kwanza, dhaifu ngazi ya pili. Mpango huo ulikufa baada ya miaka miwili, na sioni wa kumlilia. Nani anataka kuvaa medali iliyoandikwa bingwa wa dhaifu? Tangu 1994 wanagawa kwa idadi ya wanafunzi, daraja AA la shule kubwa na daraja A la ndogo, timu nane kila daraja, ukifungwa umetoka kwenye mbio za kombe. Shule ndogo inaruhusiwa kuomba kupanda. Roseau walipanda, wakachukua kombe la wakubwa mwaka 1999 na tena 2007. Warroad walibaki daraja A, wakachukua manne kati ya 1994 na 2005.

Niseme ninavyoona. Kugawa kulikuwa sahihi kwa watoto na kulituharibia hadithi. Vijana wengi zaidi wanafika St. Paul, wanasimama kwenye mstari wa buluu na nywele zao ndefu walizozifuga mwaka mzima kwa ajili ya sekunde tatu za kamera, na hilo ni jema. Lakini Warroad dhidi ya Edina, elfu kumi na tano wakipiga kelele, sasa unaweza kuikosa maisha yako yote.

Wanaodai mashindano yalipoa baada ya hapo nawaelekeza Machi 1996, nusu fainali, Apple Valley na Duluth East. Duluth East walikuwa mabingwa watetezi, na Dave Spehar wao mwaka uliotangulia alifunga mabao matatu katika kila mechi kati ya tatu. Walifika muda wa ziada wa tano. Golikipa wa Apple Valley, Karl Goehring, aliokoa mipira 65. Bao la 5-4 liliingia saa saba na dakika 39 usiku, na watu walikuwa bado wamejaa vitini. Jioni iliyofuata walewale wa Apple Valley walivaa viatu tena, wakachukua kombe.

Shule hiyohiyo ilikuwa imeshaingia kwenye historia mwaka mmoja kabla. Mwaka 1995 Minnesota ilifanya mashindano ya jimbo ya hoki ya wasichana, ya kwanza rasmi kwa jimbo lolote la Marekani, na wasichana wa Apple Valley wakashinda. Yalichezewa Maplewood kwenye uwanja unaoitwa Aldrich, kwa jina la yule yule wa 1945.

Majira ya joto yaliyopita niliendesha gari hadi Eveleth. Katikati ya mji wamesimamisha gongo la hoki lenye urefu wa zaidi ya mita 30, na pembezoni kuna jumba la kumbukumbu la hoki ya Marekani, lililofunguliwa mwaka 1973. Shule yenyewe haipo tena kwa jina lake. Migodi ilipunguza watu, na watoto nao wakapungua. Eveleth iliungana na Gilbert, na juzi juzi wakaungana na Virginia, mahasimu wao wa miaka yote, wakawa Rock Ridge. Hippodrome bado imesimama.

Mgahawani nilikaa karibu na mzee mmoja aliyeiona nembo ya kazini kwenye kofia yangu. Hakuniuliza natoka nchi gani, swali ambalo nimelizoea. Aliniuliza maji ninayomwaga ni nyuzi ngapi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema ni baridi mno.