Trebizond haikuzaliwa na anguko la Konstantinopoli

Husemwa mara nyingi kwamba dola ya Trebizond, Trabzon ya leo nchini Uturuki, iliundwa na wakimbizi baada ya Wanamsalaba, askari Wakristo wa Ulaya Magharibi, kuiteka Konstantinopoli, mji mkuu wa dola ya Kigiriki ya Bizanti, Aprili 1204. Kwa Nicaea, dola nyingine ya Kigiriki iliyoibuka wakati huo, maelezo hayo yanafaa. Kwa Trebizond, tarehe zinakataa.

Alexios na David Komnenos, wajukuu wa Kaizari wa Bizanti Andronikos I aliyepinduliwa na kuuawa mwaka 1185, waliingia Trebizond Aprili hiyohiyo wakiwa na askari wa Malkia Tamar wa Georgia, jamaa yao. Jeshi halikusanywi na kuvuka milima kwa siku chache. Safari ilipangwa wakati Konstantinopoli ikiwa bado mikononi mwa Wagiriki. Walikuwa wanadai kiti cha babu yao.

Hawakukipata. David alisonga magharibi hadi Paphlagonia, eneo la pwani ya Bahari Nyeusi, akazuiwa na Theodoros Laskaris, mtawala wa Nicaea. Pigo zito zaidi lilikuja 1214: Waturuki Waseljuki waliiteka bandari ya Sinope, na njia ya nchi kavu kuelekea magharibi ikakatika. Trebizond ikawa dola ya pwani, ikiwalipa Waseljuki kodi.

Iliyoibeba baadaye ni biashara. Baada ya Wamongolia kuiteka Baghdad mwaka 1258, misafara ya Tabriz, mji wa Uajemi, ilielekea Bahari Nyeusi, na ushuru ukajaza hazina.

Kosa la pili ni kudhani yote yaliisha 1453, Waturuki Waosmani walipoiteka Konstantinopoli. Trebizond ilisalimu amri kwa Sultani wao Mehmed II mwaka 1461, baada ya mshirika wake Uzun Hasan, mtawala wa Waturkmeni wa Aq Qoyunlu, kujitoa.