Je, wajua mlo wa asili wa kijana unapewaje alama?

Kijana wa Mwanza akiulizwa kama anakula chakula cha asili, hujibu upesi kwamba anakula, maana jana usiku nyumbani kwao palikuwa na ugali na dagaa. Jibu hilo ni la kweli, ila halipimi kitu, na ndiyo sababu wataalamu wa lishe hutumia dodoso refu zaidi.

Mojawapo linalotumika sana ni KIDMED, lililotungwa Hispania na kuchapishwa mwaka 2004 ili kujua watoto na vijana wanafuata kwa kiasi gani mlo wa asili wa nchi za Mediterania, yaani mafuta ya zeituni, samaki, kunde, mboga na matunda. Lina maswali 16. Kati ya hayo, 12 huongeza alama moja moja, kama vile kula samaki mara 2 au 3 kwa wiki, na 4 huondoa alama: kukosa kifungua kinywa, kufungua kinywa kwa keki na vitafunwa vya kuoka vya dukani, kula peremende mara kadhaa kwa siku, na kwenda kwenye migahawa ya vyakula vya haraka zaidi ya mara moja kwa wiki. Anayefikisha 8 anafuata mlo vizuri. Asiyevuka 3, mlo wake ni duni.

Dodoso hilo haliwezi kuletwa Kirumba, hapa Mwanza, kama lilivyo, kwa kuwa hakuna anayeunga dagaa kwa mafuta ya zeituni. La kwetu lingeuliza habari za ugali wa udaga (muhogo uliovundikwa na kukaushwa) au wa mtama, mlenda, nsansa (mboga ya majani iliyokaushwa), karanga, na hao dagaa wenyewe, ambao huliwa wazima pamoja na mifupa, hivyo humpatia kijana kalsiamu katika miaka ambayo mifupa yake inakua kwa kasi. Minofu ya sangara, pamoja na sifa zake zote huko ng'ambo, haina mifupa hiyo.

Yatazame tena maswali yale 4 ya KIDMED yanayoondoa alama: hakuna hata moja linalouliza chakula cha usiku. Kijana anayetoka nyumbani bila chai, akanunua pipi kila kengele ya mapumziko inapolia, kisha karibu kila jioni akapitia banda la chipsi mayai kabla ya kupanda daladala, amekwisha kupoteza alama 3, hata kama sufuria ya mama inamsubiri na dagaa wake. Kwa maoni yangu, tatizo liko katika saa hizo za nje kuliko mezani nyumbani. Kwa saa hizo yangefaa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa; havihitaji kupikwa tena na hukaa kwenye mkoba wa shule bila kuharibika.