Ukivamiwa mapema usimwite refa

Wachezaji ninaowachezeshea mashindano ya StarCraft: Brood War, gemu ya kompyuta ambamo majeshi ya Terran, Zerg na Protoss hujenga uchumi na kupigana, wana imani mbili ambazo zimenichosha. Ya kwanza inasema anayekuvamia kabla hujajenga uchumi anachiti. Ya pili inasema chochote kilichozaliwa na bagi, yaani kasoro ya programu, ni wizi. Juzi nimeletewa zote mbili na mtu mmoja, kwenye ujumbe mmoja, pamoja na ombi la pointi za mezani.

Ya kwanza haistahili zaidi ya aya moja. Novemba 2004, nusu fainali ya ligi ya EVER OSL huko Korea Kusini, BoxeR wa Terran alimjengea YellOw wa Zerg Bunker, boma la askari, mlangoni mechi ya kwanza. Mechi ya pili, Bunker. Ya tatu, Bunker tena. 3-0. Mashabiki waliokuja kuona pambano refu walinuna, na wako wanaonuna mpaka leo. Matokeo yalibaki vilevile kwa sababu hakukuwa na cha kufuta. SCV, mfanyakazi wa Terran, akitoka kwenda kujenga hachimbi madini, na Bunker ikivunjwa kabla haijaisha, mvamizi amebaki na uchumi wa kuombaomba. Toa Drone wako, wafanyakazi wa Zerg, mapema, wamzingire mjenzi. Ukichelewa, umechelewa. Kwenye fainali BoxeR mwenyewe alifungwa 3-2 na iloveoov, kwa hiyo msinieleze kwamba mbinu hiyo haina dawa.

Hii ya pili ndiyo inayoninyima usingizi. Wanaoihubiri wanatumia bagi kila siku na hawajui.

Chukua mwanzo wa Zerg. Una 9/9, yaani nafasi tisa za jeshi na zote zimejaa; larva wa kugeuzwa yupo, madini yapo, nafasi hakuna. Unamgeuza Drone kuwa Extractor, jengo la gesi, nafasi moja inafunguka, unaagiza Drone mwingine, kisha unaifuta Extractor. Drone wako anarudi, unarudishiwa robo tatu ya gharama, na sasa uko 10/9. Umepita kikomo ambacho gemu yenyewe imekuwekea! Sijawahi kuletewa lalamiko hata moja juu ya hilo. Mnaliita ufundi.

Au Mutalisk, kiumbe wa Zerg anayeruka. Kikosi unachokichagua kwa pamoja kinabeba 12, basi. Wakiwa karibu karibu, kila mmoja anatunza nafasi yake wakiruka. Lakini ukiwaweka Mutalisk 11 kwenye kikosi kimoja na Overlord, kiumbe wa Zerg anayeelea, aliyeachwa pembeni kabisa ya ramani, programu inaacha kutunza mpangilio na kuwaelekeza wote kwenye nukta moja. Wanabanana hadi huwezi kuwahesabu. Kila mmoja anapiga 9, mkupuo mmoja ni 99, SCV mwenye uhai wa 60 hata hajui kilichompata. Na wewe unayewafyatulia huwezi kumchagua aliyejeruhiwa ili ummalizie, maana hujui ni yupi.

Aliyeandika programu hakukusudia hivyo, sina shaka. Lakini Terran ana majibu. Anapanga Turret, minara ya kupiga vya angani, nyuma ya madini, anawasogeza askari wake Marine kwa mafungu, na chombo chake Science Vessel kikitokea, mionzi yake ya Irradiate ikimshika mmoja inawaunguza na wote waliobanana naye. Ule ubanano unamgeukia mwenyewe. Protoss ana ndege yake Corsair, ambayo kombora lake linasambaa na kuwapata wa jirani. Pambano zima la Zerg na Terran tunalolipenda limesimama juu ya bagi hii, na juu ya ukomo wa 12 pia, ambao watengenezaji Blizzard waliuacha ulivyo walipotoa toleo jipya la Remastered mwaka 2017.

Kwa hiyo mimi siulizi kama ni bagi. Nauliza kama aliyefanyiwa alikuwa na la kufanya, na kama gemu iliyobaki bado ina mambo mawili ya kuamua au imebaki na moja. Drone anayepaishwa kwa bagi juu ya ardhi akawa haguswi na Zergling, askari wa ardhini, huyo hana jibu, namfuta.

Hapa sasa kipimo changu kinavuja, na ni afadhali niseme mwenyewe kabla hamjanisuta. Lurker wa Zerg, anayechoma akiwa amejichimbia ardhini, hana amri ya kungoja, akiona adui anachoma. Wachezaji wakagundua kwamba ukimchagua pamoja na Overlord ukawaamuru washike nafasi, au ukibofya amri ya kusimama mfululizo, anatulia. Kikosi cha Marine kinapita juu yake, kinafika katikati, unamwachia, na kikosi chote kinakwisha kufumba na kufumbua. Halali, na hushangiliwa.

Terran naye ana mabomu ya kutegwa ya Vulture, pikipiki yake ya vita. Ukifungua menyu ya ushirika ukamweka adui kuwa rafiki, mabomu hayamrukii. Dragoon wake, askari wa Protoss, wanajaa juu yake, unavunja urafiki, yote yanafumuka kwa pamoja. Marufuku kwenye mashindano mengi, na kwangu pia.

Nielezeni tofauti. Mitego yote miwili ni ya kuvizia, na yote inatumia kitu ambacho hakikukusudiwa. Jibu lipo pande zote: huku Terran anapiga skani, kule Protoss anatembea na Observer, vyote vya kufichua kilichofichwa. Nimewahi kujitetea kwamba menyu ya ushirika haina gharama, kijana mmoja akanijibu kwamba vifaru vya Terran navyo vinanyamaza wakati wa urafiki huo, kwa hiyo gharama ipo. Yuko sahihi. Nilichobaki nacho ni kwamba anayetuliza Lurker anacheza na kikosi chake mwenyewe, wakati anayeficha mabomu anabadilisha mkataba wa mechi, nani adui na nani si adui, mwenzake akiwa hana habari. Kwangu hilo linatosha kupiga marufuku. Kwamba linatosha kumshawishi aliyepoteza fainali, sina hakika. Sehemu kubwa ya sheria zetu ni desturi iliyorithiwa kutoka Korea, na mwamuzi anayekuambia zote zina mantiki anakudanganya.

Ndiyo maana marufuku yangu nayaandika kwa majina, moja moja, kabla ya droo. Ambacho hakijaandikwa kinachezwa. Tukiona kinaua gemu, tutakiandika msimu ujao, na matokeo ya nyuma hayafutwi. Mkilalamika, leteni ripleyi, rekodi ya mechi nzima. Picha ya skrini hainisaidii, maana ushirika uliofungwa na kuvunjwa ndani ya sekunde chache hauonekani kwenye picha.