Amegongwa kichwa uwanjani, anasema yuko sawa: arudi kucheza?

Mtikisiko wa ubongo ni nini?

Ubongo umetikiswa ndani ya fuvu hadi kazi zake zikavurugika kwa muda. Si lazima kichwa chenyewe kigongwe. Pigo la mwili linalokirusha kichwa ghafla linatosha.

Lakini hakuzimia.

Wengi hawazimii. Tunaowapokea hospitalini wakiwa wamechelewa, karibu kila mara tunaambiwa hivyo hivyo: “Hakuzimia, ndiyo maana tukamwacha amalize mechi.” Tafadhali, makocha, msingoje mtu azimie ndipo mumtoe.

Timu yetu haina daktari. Tutajuaje?

Hamtakiwi kujua, mnatakiwa kushuku. Mtazame: amechelewa kuinuka, anayumba, macho yameduwaa, ameshika kichwa? Muulize: Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga mara ya mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Akikosea hata swali moja, atoke. Akijibu yote lakini kichwa kinauma, anasikia kichefuchefu au anaona ukungu, atoke vilevile. Maswali haya ni ya kumtoa mchezaji. Hayampi mtu ruhusa ya kurudi. Kipimo kirefu kiitwacho SCAT6 ni cha wataalamu wa afya, na hakifanyiki kwa chini ya dakika 10, kwa hiyo msikiigize pale pembeni huku mwamuzi anawasubiri.

Amepumzika, amemwagiwa maji, amepata nafuu. Arudi?

Hapana. Dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa, hata siku moja au mbili.

Ni fainali, na mwenyewe anang’ang’ania.

Hapana. Anayeng’ang’ania ni mtu ambaye ubongo wake umeumia. Uamuzi si wake. Januari 2011, Ben Robinson, mvulana wa miaka 14 wa Ireland ya Kaskazini, aligongwa kichwani katika mechi ya raga ya shule, akaendelea kucheza, akagongwa tena, akafariki. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona linaweza kuufanya uvimbe ghafla, hasa kwa vijana. Akishukiwa tu, siku hiyo harudi.

Lini tukimbilie hospitali?

Papo hapo, akiwa na maumivu ya shingo, kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, degedege, kuona vitu viwiliviwili, ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, fujo zisizo za kawaida, usingizi unaozidi, au akipoteza fahamu. Shingo ikiuma, msimwinue wala msimvue kofia ngumu. Atulie alipo hadi wenye ujuzi wafike.

Na asiye na dalili hizo?

Naye aonwe na mhudumu wa afya. Asiachwe peke yake saa za mwanzo, asiendeshe chombo, asinywe pombe. Apumzike siku moja hadi mbili, kisha aanze kutembea na mazoezi mepesi, akiongeza kidogo kidogo. Mazoezi ya kugongana yangoje ruhusa ya mtaalamu wa afya. Picha ya siti skani ikitoka safi, hiyo si ruhusa: mtikisiko kwa kawaida hauonekani humo.