AC ya gari haipoozi? Si kila mara ni gesi

Februari ya Dar es Salaam, foleni imeganda, AC inakupulizia joto. Ukifika kwa fundi, hujamaliza hata kueleza, keshasema: "Gesi imeisha, bosi. Tujaze."

Hilo neno "imeisha" ndilo linalokula pesa za watu. Gesi ya AC si petroli. Haiungui ikaisha, inazunguka tu ndani ya mfumo uliofungwa, toka kompresa (pampu inayoikandamiza) hadi kondensa (inakopoteza joto) iliyo mbele ya rejeta, ikapite evaporeta (inayopoza upepo) nyuma ya dashibodi, kisha irudi. Ikipungua, imetokea mahali: oringi imekauka, sili ya kompresa imechoka, au kondensa imepigwa kokoto. Gari la miaka mingi hupoteza kidogo kidogo, sikatai. Lakini linalojazwa kila miezi mitatu linavuja, na anayejaza bila kutafuta panapovuja anakuuzia gesi ya kupeleka angani. Fundi makini hupaka maji ya sabuni kwenye maungio, au huweka rangi inayoonekana kwa taa maalumu. Akishaziba, hufyonza hewa na unyevu kwa pampu kwa nusu saa au zaidi, ndipo apime gesi kwa mizani kulingana na stika iliyo chini ya boneti.

"Basi ongeza kidogo, ipooze zaidi." Hapana, itapooza pungufu. Gesi ikizidi, presha hupanda, ubaridi hupungua, na swichi ya presha huikata kompresa. Tena usiridhike na geji iliyosomwa injini ikiwa imezimwa: kwenye joto la nyuzi 30, R134a, gesi ya AC za magari mengi, huonyesha presha ya psi 97 hivi, iwe imejaa au imebaki nusu, maadamu ndani bado kuna gesi iliyo katika hali ya kimiminika.

Kuna dalili ambazo hazina haja ya mtungi kabisa. Ubaridi ukija gari linapotembea na kupotea kwenye foleni, anza na feni ya kondensa. Feni ya ndani ikipuliza kwenye namba ya mwisho tu, rezista yake ndiyo mshukiwa. Upepo ukiwa dhaifu, fungua droo ya dashibodi upande wa abiria. Kwa magari mengi ya Kijapani filta iko nyuma yake, na usishangae ukikuta vumbi na majani makavu.

Na maji yanayodondoka chini ya gari? Ni unyevu wa hewa tu, yaache yadondoke. Yakilowesha zulia la ndani, hapo ndipo mpira wa kutolea maji umeziba.

"Kompresa hailii tak, imekufa." Huenda ni fyuzi au rilei (swichi ndogo ya umeme); ikiwa rilei ya honi ni ya aina ileile, zibadilishane ujaribu. Tena kompresa nyingine hazina klachi, kile kinachoiunganisha kompresa na mkanda wa injini, ya kulia tak.

Wenye Toyota Aqua na Prius wawe waangalifu zaidi. Kompresa yao huendeshwa kwa umeme mkubwa, ule wa nyaya za rangi ya chungwa, na oili yake si PAG ya magari ya kawaida. Ikichanganywa, hudhoofisha kinga ya umeme ndani ya kompresa. Muulize fundi anatumia oili gani. Akijibu "oili ni oili", shusha boneti uondoke.